Pindo la Mashoto

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wateja hawakusumbui na nguo walizoleta jana wanazozitaka leo. Sisi hatujambo. Wifi yako mgongo unamsumbua, ila ulimi uko salama kabisa, na leo asubuhi ameutumia kunikumbusha kwamba paa la jikoni linavuja tangu mwaka juzi. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Binti wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na anaomba umshonee gauni lenye mifuko minne. Nilipomuuliza ya nini, akasema hayo ni mambo yake na shangazi.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Anayekukabidhi barua hii ni mama mmoja wa kanisani kwetu. Tunamwita Mashoto, maana kila kitu hukifanya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kushona hadi kupunga kwaheri. Wamekosana kidogo na mumewe. Mumewe unamjua kwa kumsikia: ni yule mzee wetu wa kanisa, mwenye bucha, ambaye nilikuandikia kwamba tunamwita Mzee Mlango, kwa sababu kila Jumapili husimama mlangoni kuwagawia watu karatasi yangu ya Neno la Wiki. Ni mtu mwema mwenye hasira za haraka.

Naomba umhifadhi wiki mbili tatu mpaka mambo yapoe. Mpe ushauri kama dada mkubwa. Wewe ulipita humo na ukashinda, kwa hiyo maneno yako yatamwingia kuliko yangu. Akitulia nitakuja mwenyewe nimrudishe nyumbani.

Nimekutilia Neno la Wiki la Jumapili iliyopita, kama kawaida. Neno la kutia moyo juu, habari za kanisa chini. Safari hii nimeandika juu ya uvumilivu katika nyumba. Utajiona humo ingawa sikukutaja: "Namjua dada mmoja aliyeishi miaka kumi na mmoja katika ndoa ngumu, wala hakufungua mdomo kulalamika, na leo Mungu amempa amani." Watu wengi walilia. Wachungaji wawili wameniomba nakala.

Kaka yako akupendaye.


19 Februari

Kaka Tarumbeta,

Mimi ni mzima. Wifi akandwe mgongo kwa maji ya moto, na paa la jikoni lizibwe leo, maana naona mgongo na paa ni ugonjwa mmoja. Gauni nimeshalikata. Mwambie mwenyewe kwamba mifuko mitatu itaonekana, na wa nne tutajua sisi wawili.

Mgeni wako amefika. Umeandika "wamekosana kidogo". Acha nikueleze hicho kidogo, kwa sababu nilimwogesha kwa mikono yangu. Sikio la kushoto limechanika kutoka juu mpaka kwenye tundu la hereni, na aliyelishona alikuwa na haraka zake. Mgongoni ana michirizi ya mkanda, na penye mwisho wa kila mchirizi pana kovu la chuma cha mkanda, la mraba, unaweza kuyahesabu. Nimeyahesabu. Kifundo cha mkono wa kulia hakikunjiki. Mumewe alikilaza juu ya gogo la kukatia nyama, Kaka, akakipiga kwa bapa la shoka. Aligeuza shoka kusudi lisikate. Mtu mwenye hasira za haraka hageuzi shoka.

Siku nne za kwanza hakukigusa kitanda. Alijilaza chini ya meza yangu ya kukatia nguo, mgongo ukutani, mkasi wangu mkubwa kifuani. Nikamwachia mkasi, nikakata nguo kwa ule mdogo.

Kuhusu Neno lako. Ni kweli sikufungua mdomo. Taya lilikuwa limefungwa waya wiki sita, nikawa nanyonya maziwa kwa mrija. Ungeuliza ungeambiwa. Karatasi yenyewe nimeikata umbo la kola, nayo imetoka kola nzuri.

Sitampa ushauri wa kurudi. Na wewe nakuomba kitu kimoja tu, naandika kwa herufi kubwa maana macho yako yana tabia ya kuruka mistari ya wanawake: USIANDIKE HABARI ZAKE KWENYE KARATASI YAKO. Wala zangu. Anayeigawa hiyo karatasi mlangoni ni mumewe.

Mdogo wako.


11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Poleni sana. Mimi sikujua habari za shoka. Alikuja amejitanda mtandio mpaka machoni, akasema alianguka, ila anaomba kusafiri. Nami sikuuliza mtu aliyeanguka anasafiri kwenda wapi. Nilikaa nikaandika barua.

Huku salama. Wifi yako amekandwa, amepata nafuu, sasa anainama vizuri kuweka ndoo chini ya paa. Kwaya imegombana tena na mpiga kinanda, wameombana radhi, wamegombana upya. Gauni limefika, na binti analala nalo.

Mzee Mlango amekonda. Jumapili iliyopita alisimama mbele ya kanisa akaomba tumwombee mkewe arudi, akalia machozi ya kweli. Kanisa zima lilimlilia, na mimi sikufichi, nililia. Baadhi ya akina mama wameanza kusema Mashoto katoroka na mwanaume. Wewe uliniambia nisiandike habari zake, basi sikuandika kitu, wala sikusema kitu.

Nina ombi dogo. Panya wametafuna kitambaa cha meza ya Bwana, na kilichobaki ni aibu, nakikunja ili upande wenye matundu ukae kwangu. Unaweza kutushonea kingine? Urefu mita tatu, upana mita moja na nusu.

Kuhusu ule waya sijui niseme nini. Nilidhani ilikuwa jino.

Kaka yako.


2 Aprili

Kaka,

Pokea salamu zetu, na sasa sisi ni wawili kweli, maana Mashoto amehamia kitandani na mkasi wangu umerudi mezani. Wiki iliyopita alicheka. Mteja mmoja, mama mnene, alileta suruali ya mumewe akitaka ipunguzwe, akaivaa mwenyewe kutuonyesha, ikakwama. Ilibidi tuikate ili atoke. Mashoto alicheka mpaka akashika sikio lake, kwamba mshono unauma.

Kitambaa hiki hapa. Cherehani nimepitisha mimi, ila pindo lote kuzunguka ni la mkono, na mkono wenyewe ni wake. Mimi kwa jicho langu moja siwezi tena kazi hiyo. Jicho lile jingine unajua lilivyokwenda, lile ambalo wote tulisema ni kibanzi cha kuni. Nilimwambia hakuna haja, nitapinda kwa mashine. Akakataa. Anasema hata kama yeye hayupo kanisani, mkono wake uwepo. Alikaa nalo siku sita, mkono wa kulia ukiwa umelazwa juu ya nguo kama jiwe la kuzuia karatasi, wa kushoto ukitembea.

Harudi, Kaka. Usimsubirishe mtu huko. Mwaka jana kabla ya wewe kumtuma kwangu, alibeba mimba miezi mitano, na mumewe akampandia tumboni na viatu vya kazini. Alinisimulia hilo huku anatunga uzi. Mimi niliposikia nilitaka kukusimulia yangu ya mwaka ule, nikaona kalamu imenikatalia. Tuache.

Kitandike, shukuru moyoni, basi.

Mdogo wako.


24 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwa wote. Wifi yako mzima, watoto wazima, paa bado. Mvua kubwa imenyesha, kinanda kimeingia maji, na kwaya inasema hayo ni majibu ya maombi.

Kitambaa kilifika salama. Jumapili tarehe 21 tulikitandika, na meza ilipendeza mpaka watu walinyamaza. Niliona si vizuri kupokea zawadi kama ile bila neno la shukrani, lakini nilitii agizo lako, sikuandika jina la mtu. Kwenye habari za wiki niliweka hivi: "Tunashukuru kwa kitambaa kipya, kazi ya mikono ya akina mama wawili walio mbali, mmoja ni damu yangu, na mwingine Mungu anamjua." Utakubali kwamba hapo hakuna jina.

Baada ya ibada Mzee Mlango alibaki kupanga viti, kama kawaida yake. Akaenda mezani, akashika pindo, akalipitisha polepole kati ya vidole kuzunguka meza nzima. Kisha akaniambia, "Mchungaji, pindo hili nimelivaa kiunoni miaka saba." Alikuwa anasema aproni zake za bucha. Kumbe mshono wa mtu wa mkono wa kushoto hulalia upande mwingine. Mimi hilo sikulijua. Akaniuliza, "Yuko kwa dada yako?"

Mdogo wangu, mimi ni mchungaji. Nilisema Mungu anajua.

Hakukasirika. Alitulia kabisa, kuliko nilivyowahi kumwona. Tulizungumza vizuri na tukaomba pamoja. Kwa hiyo huenda ukapata mgeni siku za karibuni. Nakuomba umpokee kwa upole, na wewe ulimi wako uushike kidogo. Nimekutilia Neno la Jumapili ijayo, nimelirudufu mapema. Utaona chini: "Tumwombee mzee wetu wa mlangoni, anasafiri wiki hii kwa mambo ya familia. Mungu ampe safari njema."

Kaka yako.


9 Mei

Mchungaji,

Salamu sina.

Barua yako ya tarehe 24 ilinifikia Jumatatu tarehe 29. Mgeni wako alikuwa ameshafika Ijumaa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Dukani tulikuwa watatu: mimi, Mashoto, na mwalimu mmoja wa kike aliyekuja kujaribu sketi, imejaa pini. Mtu akaingia, shati safi, ana mfuko. Akasema habari za kazi. Nikasema nzuri, karibu. Nilimwambia karibu, unasikia? Akatoa karatasi yako ya Neno la Wiki mfukoni mwa shati, akaikunjua juu ya kaunta, akainyoosha kwa kiganja. Akasema, "Mimi ni mtu wa kanisani kwa kaka yako. Mchungaji ameniombea safari."

Mashoto alikuwa ametupa mgongo kwenye meza ya kukatia. Hakugeuka. Niliona sindano yake imesimama hewani.

Akatoa shoka kwenye mfuko, limefungwa gazeti. Nikaruka kaunta, nikachelewa. Mashoto aliinua mkono wa kushoto kujikinga kichwa, na safari hii mumewe hakuligeuza. Vidole vitatu viliruka mpaka kwenye kikapu cha vipande. La pili liliingia begani, likakwama kwenye mfupa, akawa analichomoa kwa kumkanyaga mbavu, kama mtu aliye kazini. Hakupiga kelele hata kidogo. Mashoto naye hakupiga kelele. Aliyekuwa analia ni mwalimu.

Pasi yangu ilikuwa tayari, imejaa mkaa mwekundu. Nilimpiga nayo usoni. Kifuniko kikafunguka, makaa yakamwingia kwenye kola ya shati, hapo ndipo alipolia. Akaanguka. Nikampiga ya pili akiwa chini, na ya tatu. Polisi nimewaambia moja. Wewe nakuambia tatu. Ya tatu nilisikia kitu kimevunjika na nikafurahi, na bado nafurahi, kwa hiyo usinitumie karatasi yoyote juu ya hilo. Mwalimu alimkalia miguu, na pini zake zote, mpaka watu wakaja.

Vidole nilivikusanya mwenyewe. Nilivifunga kwenye kipande kilichobaki cha kitambaa cha meza yako, nikakimbia navyo hospitali. Daktari alisema haviungiki. Aliniuliza nitavifanya nini.

Mashoto anapumua. Hajasema neno mpaka leo.

Nina sehemu yangu katika hili na nitaibeba. Pindo nililituma mimi. Mimi mshonaji wa miaka ishirini nilijua mshono wa kushoto unalala vingine, na nilisahau kwamba mume huijua aproni yake. Lakini wewe pindo lilishikwa mbele yako Jumapili. Muhuri wa posta kwenye bahasha yako ni wa Jumatano. Posta yenu ina simu, na mtaa wetu wote unajua namba ya duka la dawa hapa jirani, hata wewe unayo. Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi? Nijibu hilo tu.


30 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa majonzi. Wifi yako amelia siku tatu na hasemi nami ila kwa kupitia watoto. Binti anauliza kwa nini shangazi hajaandika. Nimemwambia una kazi nyingi.

Tangu nipate barua yako silali vizuri wala sili vizuri. Kila nikipanda kuhubiri macho yananipeleka kwenye lile pindo. Namwombea Mashoto asubuhi na jioni. Nakuombea na wewe.

Umeniuliza kuhusu Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na kikao cha wazee. Jumanne palikuwa na msiba. Unajua kazi yangu ilivyo.

Mzee Mlango yuko hospitali ya gereza. Taya limevunjika na jicho moja huenda lisione tena. Wazee wenzake wameandika barua kwa hakimu kumwombea huruma, kwamba ni mtu wa kanisa, kwamba alichokozwa. Wamekusanya sahihi mia mbili na kidogo. Inakosekana yangu. Sijatia sahihi. Na sijakataa pia, naomba unielewe, kanisa liko kwenye hali ngumu na likigawanyika halitaunganika tena. Kwenye Neno la Wiki nimeweka tu kwamba tumwombee katika majaribu yake. Ningeweka na ya Mashoto, ila bado watu wanaamini alitoroka na mwanaume, na sikuona njia ya kuanza.

Jambo la mwisho. Zile barua zangu, hasa ya tarehe 24. Nakuomba zisifike polisi. Mtu wa nje anaweza kuzisoma vibaya.

Kaka yako.


14 Juni

Kaka,

Mashoto ametoka hospitali jana. Bega limekaza, hawezi kulala upande ule. Leo wakati namlisha alisema neno lake la kwanza baada ya wiki saba. Aliniuliza, "Kile kitambaa, wamekitandika vizuri?"

Nilitoka nje nikapiga ngumi ukuta wa duka mpaka vifundo vikachubuka. Naandika barua hii na damu ya vifundo iko hapo kwenye kona, isikutishe, ni yangu.

Barua zako ziko kwenye kopo la vifungo. Sijazipeleka popote. Kesi inasikilizwa Jumatatu tarehe 29 Julai. Unaweza kuandika, tangu utoto unaandika kuliko unavyotenda, basi andika. Weka kwenye Neno la Wiki kilichotokea, chote, chako na cha mumewe na changu, na watu wasome. Karatasi hiyo ikinifikia kabla ya kesi, nitajua nina kaka. Isiponifikia, hakimu atafunguliwa kopo, na mimi nitajihesabu mtoto wa pekee.

Msalimu binti. Wifi mwambie namwelewa.


8 Julai

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa jikoni, chini ya paa unalolijua, maana ofisi ya kanisa wazee wameifunga kwa kufuli jipya.

Jana niliigawa karatasi mwenyewe mlangoni. Wa kwanza waliingia wanasoma huku wanatembea, wakasimama, wa nyuma wakawagonga. Ibada haikuanza. Mzee mmoja, rafiki wa yule mwenye bucha, alinirushia karatasi usoni, kisha akanipiga kofi ambalo sikio linavuma mpaka sasa. Wifi yako akampiga la kwake, mgongo mbovu na yote, akamwangusha juu ya viti. Watu wakashikana mashati. Mpiga kinanda amevunjika pua, na waliomvunja ni kwaya. Jiwe limepita dirishani. Lakini akina mama kama kumi na watatu walikaa kimya kwenye benchi la nyuma, hawakuondoka. Mmoja wao alivua mtandio mbele ya wote akaonyesha shingo yake. Sikuwahi kujua. Naye ni jirani yangu.

Sahihi sikutia. Tarehe 29 nitakuja kusimama mbele ya hakimu na kusema haya haya. Kopo la vifungo lifungue tu.

Karatasi hii hapa.

NENO LA WIKI
Jumapili, 7 Julai

Wapendwa, wiki hii sina neno la kuwatia moyo. Nina habari tu.

Mama tunayemwita Mashoto hakutoroka na mwanaume. Alitoroka shoka. Mumewe, mzee wetu wa mlangoni, alimvunja kifundo cha mkono juu ya gogo la bucha, akamchana sikio, akamkanyaga mimba ikatoka. Alikuja kwangu amefunika uso, nami nilifurahi kwamba umefunikwa.

Kitambaa kilicho mezani pindo lake amelishona yeye. Mumewe alilitambua mbele yangu. Aliniuliza mkewe yuko wapi, nikajibu kwa namna ya kutosema uongo, naye akaelewa. Jumatatu ningeweza kupiga simu. Nilifika mpaka mlango wa posta nikarudi. Nilitumaini atamrejesha kimya kimya, watu wataacha kusema, na Jumapili atakuwa mlangoni kama kawaida. Siku ya safari alipita kwangu nikamwekea mikono kichwani. Alikuwa na mfuko. Sikuuliza una nini.

Kwa safari niliyoiombea, Mashoto hana vidole vitatu vya mkono aliokuwa akifanyia kila kitu.

Yule dada niliyewaandikia kwamba alivumilia miaka kumi na mmoja bila kufungua mdomo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Hakufungua kwa sababu mumewe alimvunja taya. Alikimbilia kwangu mara tatu. Mara tatu nilimshika mkono nikamrudisha, nikala mezani kwa mumewe, nikaomba, nikaondoka. Mumewe alipokufa kwa ajali ya lori, nilihubiri mazishini kwamba alikuwa mtu wa watu.

Habari za wiki zimeishia hapo. Asiyetaka kuichukua karatasi hii asichukue. Leo naigawa mimi.


12 Julai

Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili. Karatasi imefika leo, Ijumaa. Mwambie wifi kofi lake limesikika mpaka huku, na aje na wewe tarehe 29, nitamkanda mgongo mwenyewe. Sikio lako litie mafuta ya vuguvugu, matone mawili, ulale upande mzima. Binti mlete nimpime, meno yakiota na urefu huongezeka.

Nimemsomea Mashoto karatasi yote, pole pole, mara mbili. Ya kwanza alisikiliza akiangalia ukuta. Ya pili aliniomba sindano. Ameanza kujifunza kwa ule mkono wa kulia usiokunjika, anaushusha na kuupandisha kwa bega zima kama mtu anayesukuma pampu ya maji. Mistari mitatu alishona, yote imepinda. Akaniambia, "Tazama, sasa unalala upande wa watu wote. Hakuna atakayenijua tena." Sikujua kama anatania. Nilicheka, akacheka, halafu tukalia sana, mpaka mteja aliyechungulia akaondoka.

Sasa, Kaka, karatasi yako ina kosa moja.

Umeandika mara tatu. Ni mara nne. Ya nne hukunishika mkono, ndiyo maana hukuihesabu. Nilikuwa nimefunga mzigo wangu, basi linaondoka saa tatu asubuhi, na sikuwa nakuja kwako, nilikuwa naenda mbali na nyote. Saa mbili mtu wa posta akanipa bahasha yenye mwandiko wako. Ndani yake Neno la Wiki la kwanza kabisa kuandika maishani mwako, wino haujakauka vizuri, na juu yake umeandika kwa kalamu: Kwa mdogo wangu, awe wa kwanza kusoma. Lilikuwa linasema mke anayengoja hatupwi. Niliona umeniandikia mimi. Nilifurahi, Kaka. Nilijua una kipaji. Nikafungua mzigo, nikarudisha nguo kabatini moja moja.

Jicho langu lilikwenda wiki ile ile, siku ya nne. Kuni hazikuwepo wala kibanzi. Lilikuwa dole gumba la mume wangu.

Njooni tarehe 29, kitanda kipo. Ila kabla hujapanda basi, ipo Jumapili ya tarehe 21. Kama hawajakufungia na mlango wa kanisa, igawe tena karatasi ile ile. Badilisha neno moja tu. Mara nne.

Mdogo wako.